Matawi Mbele ya Lango

Klematiti ikikatwa hutoa harufu kali, mbichi, inayopanda puani na kuyatia macho machozi karibu kama kitunguu. Wengi hawaijui harufu hiyo, kwa sababu wengi huutazama mmea huu wa kutambaa ukutani wakati wa maua tu, mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza na ukuta mzima umegeuka zambarau. Mimi naijua tangu nikiwa na miaka kumi. Hata leo, ikinifikia nikiwa nimeshika mkasi katika baridi ya Julai, kabla sijawaza lolote masikio yangu husikia wanawake wakilia. Hakuna anayelia. Huwa ni jirani anaosha masufuria, au redio, au upepo unapita kwenye mabati. Nasimama hivyo hivyo mpaka wanyamaze, kisha naendelea kukata.

Nyumba tuliyokulia Lubumbashi ilikuwa ya matofali mekundu, moja ya zile zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, zote zinafanana kama mikate ya tanuri moja. Mbele ilikuwa na veranda ndogo, nyuma ilikuwa na parsele, yaani kiwanja chetu, chenye udongo mwekundu ulioganda kwenye visigino na kuchafua shuka hata uoge vipi. Aliyetawala parsele hiyo alikuwa Kaku. Ndivyo tunavyomwita bibi, sisi ambao wazee wetu walitoka Kasai. Kaku alikuwa mama mzazi wa Baba, mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa maneno mengi. Ujanani alifua nguo kwa masista wa Kizungu, na siku sista mmoja aliporudi kwao Ulaya alimwachia zawadi ya ajabu kidogo: kopo la maziwa lenye kitawi chenye mizizi. Kaku alikuwa ametarajia shuka. Alilibeba kopo lake mpaka nyumbani akinuna, akakipanda kitawi kwenye ukuta wa jikoni, akakipangia mawe na vipande vya vigae shinani ili mizizi ikae kivulini hata kichwa kikiwa juani, kama alivyoelekezwa. Mwaka wa pili kikatoa ua moja pana kama kiganja. Tangu siku hiyo hasira ya shuka ilimwisha, na mmea ule ukaitwa maua ya masista.

Kila Julai, majani ya juu yakiwa yameanza kukauka na ya chini yangali ya kijani, Kaku aliupogoa mwenyewe. Alikuwa na mkasi wa kupogolea, sekatere, aliouhifadhi ndani ya soksi iliyopakwa mafuta ya mawese. Alianza juu, akibandua vikonyo vilivyojisokota kwenye waya, akashuka taratibu mpaka usawa wa goti, pale penye macho mawili ya kuchipua yaliyovimba, moja kila upande wa shina. Juu kidogo ya macho hayo ndipo mkasi ulipopita. Mashina ya klematiti hudanganya. Wakati wa baridi huwa makavu na yamechanika magamba, ungeapa kwamba yamekufa. Kwa hiyo kabla ya kukata alikwaruza kwa ukucha wa dole gumba. "Kwanza ukwaruze," aliniambia. "Kama iko kijani mu ndani, haiyakufwa." Na alipomaliza aliyakusanya matawi yote, hata yaliyodondoka chini ya sinki la kufulia, akayachoma kwenye shimo nyuma ya choo. Yasitoke nje ya parsele, alisema kila mwaka, hata moja. Hakutoa sababu. Nami sikuuliza, maana nilikuwa na jibu langu tayari: nilidhani ni uchoyo, kwamba hataki majirani wapate mbegu.

Baba alikuwa mchuuzi wa mpakani. Kila baada ya wiki mbili alipanda lori kwenda Mokambo, akarudi na unga, mafuta ya kupikia na sabuni za upande wa Zambia, na Mama akaviuza sokoni. Alikuwa mtu wa vicheko, aliyeingia langoni akiimba, amebeba mfuko mkubwa wa nailoni wenye mistari ya buluu na nyekundu uliojaa mpaka zipu inakataa. Nilimpenda kiasi kwamba siku anayotarajiwa sikucheza mbali. Julai ile aliondoka akisema atarudi Jumamosi. Jumamosi ikapita, na ya pili ikapita. Simu za mkononi zilikuwa bado vitu vya wakubwa. Mama aliuliza madereva sokoni. Mmoja alisema amemwona, mwingine akasema barabara ile ina ajali na polisi na mambo mengi. Mama akaacha kula jioni. Majirani nao wakaanza kututazama kwa ile huruma ya watu wanaosubiri kuthibitishiwa. Mtaa mzima ulijua kwamba Baba amechelewa.

Ndipo siku ya kupogoa ikafika, na vidole vya Kaku vilikuwa vimevimba kwa baridi hata kikombe hawezi kushika. Akanipa sekatere. Alikaa juani kwenye kiti chake cha kamba, amejifunga blanketi, akanielekeza kwa kidevu: hapo, hapana, chini zaidi, kwaruza kwanza. Nilikuwa na majivuno yasiyo kifani. Nilikata, nikavuta, nikakata tena, utomvu ukanichuruzika mpaka kwenye viwiko, na nilipogeuka kuomba sifa nikakuta jua limemshinda Kaku, amelala kinywa wazi. Rundo la matawi lilinifika kifuani. Nikalikokota mpaka kwenye shimo, na hapo nikakwama: Mama alikuwa ameanika shuka zote za nyumba kwenye kamba juu ya shimo lile. Nikichoma, zitanuka moshi, na Mama kwa jinsi alivyokuwa siku zile hakuwa mtu wa kuongezewa kazi. Nikafikiri kwa akili ya mtoto anayetaka kusifiwa. Mzee wa mkokoteni wa takataka alikuwa akipita barabarani kila alasiri. Nikayatoa matawi nje ya lango, mkupuo baada ya mkupuo, nikayalaza kandokando ya barabara, nusu kulia, nusu kushoto, nikiacha nafasi katikati ili watu wapite. Niliyapanga vizuri. Nakumbuka nilirudi nyuma hatua mbili kuyatazama.

Kwa msomaji wa mbali ni lazima nieleze, ingawa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Nyumba ikifiwa, matawi mabichi hulazwa barabarani mbele ya lango, ili magari yapunguze mwendo na anayepita ajue kwamba hapa kuna kilio. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi. Lakini yale yalikuwa matawi ya miti, yaliyokatwa na wanaume wenye nyuso nzito, na haya yangu yalikuwa takataka za bustani. Sikuunganisha. Nikaenda kunawa mikono iliyokuwa imeanza kuwasha.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Kapinga, jirani wa mkono wa kulia. Alikuja amejifunga kitenge kiunoni, mikono kichwani, akilia kwa sauti ya kutoka tumboni, na aliyemlilia alikuwa Baba. Mama alikuwa anapepeta mchele kwenye veranda. Alimwona jirani analia jina la mumewe, akaelewa kwamba habari zimefika mtaani kabla ya kumfikia yeye, na ungo ukamwanguka. Hakuuliza chochote. Mama Kapinga naye, alipoona Mama anaanguka, hakuwa na la kuuliza. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayejua. Katika muda wa kuchemsha sufuria ya maji wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, wameketi sakafuni na Mama katikati yao, kitambaa kimemtoka kichwani, nywele wazi. Wanaume walitoa viti, meza na kabati la vyombo nje, kama inavyofanywa, wakavipanga uani. Mtu alitungua picha ya Baba ukutani akaisimamisha juu ya kigoda. Na kwa kuwa kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, wote walimlilia kwa jina langu. Papa Ngalula, walilia, Papa Ngalula, na mimi Ngalula nilisimama mlangoni mwa jikoni nikisikia jina langu likipanda na kushuka.

Nami nililia, kwa kuwa wakubwa walilia. Nililia mpaka nilipomsikia mwanamke aliyeingia amechelewa akimwuliza mwenzake alipataje habari. "Tuliona matawi ku mulango," yule alijibu, "tukajua ni Papa Ngalula." Nilichungulia nje, nikayaona matawi yangu yamelala kulia na kushoto, watu wanapita katikati pale pale nilipowaachia njia. Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika wazi, maana nimelikwepa maisha yangu yote: nilijua, na nilinyamaza. Mama alikuwa sakafuni, viti vilikuwa uani, mtaa mzima ulikuwa ndani ya nyumba yetu, na mimi nilikuwa na miaka kumi. Tena kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya woga. Niliwaza kwamba labda kweli amekufa. Labda matawi yanajua.

Kilichomwamsha Kaku ni kelele. Nilimwona akiutazama ukuta uliopogolewa, akalitazama shimo lisilo na majivu, kisha akanitazama mimi. Akachukua fimbo yake, akapita katikati ya wanaume kuelekea langoni, nami nikamfuata nyuma. Alikuwa ameinama, na vidole vyake vibovu vimeshika tawi la kwanza, Baba alipotokea kwenye kona.

Muuza makala, yaani mkaa, aliyekaa kwenye kona ile alitusimulia baadaye. Alikuwa mgeni pale, hakumjua Baba kwa sura. Baba alikuwa amefika dakika nyingi kabla, akasimama karibu na magunia yake akisikiliza. Kisha akamwuliza: "Banalilia nani?" Na yule mama akamjibu kama alivyosikia, kwamba wanamlilia Papa Ngalula. Baba akashukuru, akaendelea kusimama. Alisimama, alisema muuza makala, kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

Alivuka barabara bila kuimba. Kaku alimshika kifundo cha mkono, na mbele ya macho yangu akamkwaruza ngozi kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, akaangalia mstari ule mweupe uliojichora. Ndipo alipomwachia. Nami niliona jambo jingine, dogo, ambalo halikuwa na maana kwangu siku hiyo. Mfuko wa mistari ulikuwa mtupu. Hakuleta unga, hakuleta sabuni. Alikuwa ameukunja mara nne na kuubana kwapani.

Huwezi kuamini jinsi kilio kinavyogeuka kicheko. Wanawake walimshika Baba mashavu, wengine wakakimbia, Mama Kapinga akacheka mpaka akaketi chini, kisha akaanza kumtafuta mjinga aliyeweka matawi. Mama peke yake hakucheka. Alisimama, akafunga kitambaa chake, akamwendea Baba, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauchukua ule mfuko kwapani mwake. Aliuingiza chumbani na kuuweka juu kabisa ya kabati la nguo. Kaku aliwaamuru waliotoa viti wavirudishe wenyewe. Jioni akanipaka mafuta mikononi, maana utomvu wa klematiti hubabua na mikono yangu ilikuwa imetoa malengelenge mpaka viwikoni. "Sasa unajua," alisema. Hakunipiga. Ningependelea anipige.

Kwa sababu Baba aliyeimba hakurudi tena. Hilo nililiona mapema kuliko wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namchunguza. Hakukanyaga Mokambo tena. Alipata kazi ya kulinda ghala la mbao, na unga Mama akaununua kwa wengine. Alikula, alilipa karo, hakulewa, hakumpigia mtu kelele. Lakini ulikuwa unaweza kuingia sebuleni usijue kama yumo. Usiku wa sikukuu wenzake wakicheka alitabasamu kwa kuchelewa kidogo, kama anayetafsiriwa maneno. Mtaani walimtania kwa miaka: yule aliyeliliwa. Wengine hawakupenda kupokea kikombe mkononi mwake. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule klematiti ilichanua kuliko ilivyowahi, kwa sababu nilikuwa nimeikata chini sana bila woga, na Baba akahamisha kiti chake ili ale ameipa mgongo. Niliamini, kwa uhakika wote, kwamba nilikuwa nimemwua nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa inakula nasi.

Kaku alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Sekatere ikawa yangu. Kila Julai nilichoma matawi ndani ya parsele mpaka la mwisho, nikikoroga majivu kuhakikisha. Nilipoolewa na kujenga upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege, nililaza tawi ardhini, likatoa mizizi, nikahama nalo ndani ya kopo la maziwa. Na Baba alipougua kifua miaka mingi baadaye, nilimleta kwangu pamoja na Mama. Mvua zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja aliniomba nigeuze kiti chake aangalie ukuta wenye maua. Nilishangaa, nikakigeuza. Akatazama mpaka ndege moja ikapita juu yetu kuelekea uwanjani. Ndipo aliposema, bila kunitazama: "Ule mufuko uliuona?"

Nilimwambia niliuona.

"Nilikujaka kukamata manguo yangu tu," alisema. "Nirudie kule. Nikasikia mama yako."

Nilikuwa nimebeba miaka yote hiyo maneno ya kumwomba msamaha, na sasa sikujua niyaweke wapi. Kumbe kule Mokambo kulikuwa na nyumba yake nyingine. Alikuwa amekuja kutuaga, au kutoroka bila kuaga, sikumwuliza ipi, na kwenye kona akakuta tayari ameshaliliwa kwa jina langu, mke wake yuko sakafuni. Akashindwa kuingia aseme alilokuja kusema. Nilimwuliza kama kule kulikuwa na mtoto. "Alikuwa anaanza kutembea," alisema. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu, juu ya makovu madogo yaliyobaki ya malengelenge. "Ile siku nilikufwaka kweli, Ngalula. Kule Mokambo nilikufwaka."

Alifariki kabla ya Krismasi. Siku hizi habari za msiba hutangulia kwa simu. Picha ya marehemu yenye mshumaa huwafikia watu Ulaya kabla jirani hajavuka barabara, na wengi huja wakiwa wameshalia tayari. Hata hivyo matawi tuliyaweka. Niliyakata mwenyewe kwenye ukuta wangu, yana maua, nikayalaza kulia na kushoto kama nilivyoyalaza utotoni, na magari yakapunguza mwendo. Zamani niliogopa kwamba matawi yale yalimtoa Baba kwetu. Sasa najua kwamba yalimbakiza, na sijui kama hilo ni afadhali. Mama nililia naye. Nilipata baba wa kunilipia karo na kuniozesha. Mtoto aliyekuwa anaanza kutembea alipata nini, sijui. Hakuna aliyekwenda kuwaambia wala kuwawekea hata jani moja mbele ya mlango.

Julai iliyofuata nilipogoa kama kawaida. Sikuyachoma yote. Mama, ambaye sijawahi kumwambia alichoniambia Baba, alinikuta nikifunga fungu moja kwa kamba. Akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa mistari ya buluu na nyekundu, umekunjwa mara nne, akanipa, akarudi kuota jua. Nikapanda gari la Mokambo. Sikuwa na jina wala namba ya nyumba. Nilitembea mji mdogo ule kutoka sokoni mpaka karibu na kizuizi cha mpaka, nikiwaangalia watu wa rika la yule mtoto, nikitafuta sura ya Baba katika masikio yao, katika namna wanavyosimama, mpaka nikaona aibu. Mwishowe nilichagua mahali tu, kandokando ya barabara, kwenye kundi la nyumba kuukuu za matofali. Nikayalaza matawi, nusu huku, nusu kule, nikaacha njia katikati.

Lori la kwanza lilipunguza mwendo. Dereva alitafuta nyumba ya msiba kwa macho, akaniona mimi peke yangu, akaendelea. Kisha mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa anauza mandazi ng'ambo, akavuka akijifuta unga mikononi.

"Pole, mama," aliniambia. "Nani amekufwa?"

Nikamjibu kwamba ni baba yangu.

"Amekufwa siku gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie, na nikabaki hivyo, sijui nimtajie Desemba ile iliyopita au Julai ile ya zamani.